Mlokole na Deni Lake

Neno mlokole limechakaa. Leo mitaani Dar es Salaam humaanisha mtu wa kanisa la kiroho, asiyeonja pombe wala kukanyaga disko, na mara nyingi hutamkwa kwa utani, hasa pale mtu anapokataa jambo ambalo wenzake wote wamelikubali. Wachache hukumbuka kwamba neno hilo lilitoka Uganda, kwa Waganda, ambako balokole ni waliookoka, na kwamba katika miaka ya 1930 lilikuwa jina la kuwabeza Wakristo waliosimama hadharani kutaja makosa yao. Uamsho wa Afrika Mashariki husimuliwa zaidi kama habari ya msisimko: vilio, ndoto, kuimba wimbo wa Tukutendereza hadi alfajiri. Hayo yalikuwepo. Lakini ushuhuda wa watu wale ukiufuata hadi mwisho, utaona unaishia mahali pa kawaida kabisa: mali ya mwajiri iliyochukuliwa kisirisiri, maneno ya mume kwa mkewe, deni la dukani. Hapo ndipo ulipo uzito wa historia hii. Uamsho uliutoa utakatifu kwenye cheo na jengo, ukaukabidhi kwa jirani aukague.

Tuanze Gahini, mashariki ya Rwanda, kituo cha wamisionari Waanglikana kilichofunguliwa mwaka 1925, chenye hospitali iliyosimamiwa na daktari Mwingereza, Joe Church. Njaa kubwa ya 1928 na 1929 ilimwacha amechoka mwili na roho. Septemba 1929 alikutana Namirembe, Kampala, na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na kazi ya heshima serikalini, nao wakakaa pamoja wakipekua Biblia juu ya kazi ya Roho Mtakatifu. Baadaye Nsibambi aliacha kazi yake akawa mhubiri. Mkutano huo husimuliwa sana, lakini kwa maoni yangu tukio lenye kufundisha zaidi ni la Yosiya Kinuka, mkuu wa wahudumu wa hospitali ya Gahini. Wahudumu walikuwa na kinyongo na Wazungu, na kazi ilizorota. Kinuka alikwenda Kampala kumwona Nsibambi, akaeleza matatizo ya hospitali, naye Nsibambi akamgeuzia swali: chanzo kimo moyoni mwake mwenyewe. Kinuka alirudi mtu mwingine, na mabadiliko hayo yalionekana wodini, jinsi mgonjwa alivyohudumiwa. Kabla ya mikutano mikubwa, kabla ya ule wa Kabale, Uganda, mwaka 1935, utakatifu ulikuwa umeshapata kipimo chake katika kazi ya mshahara.

Kiswahili chenyewe kilikuwa tayari kwa fikra hiyo. Utakatifu ni mtoto wa kitenzi takata, kuwa safi, na mbingu isiyo na wingu huambiwa imetakata. Kiebrania cha Agano la Kale hutanguliza maana ya kutengwa, chombo kilichowekwa kando kwa ajili ya Mungu, lakini msikilizaji wa Kiswahili husikia kwanza usafi, na usafi ni jambo linaloonwa na macho. Waliookoka wakalibeba hilo kwa neno lao kuu, kutembea nuruni, lililochotwa kwenye sura ya kwanza ya Waraka wa Kwanza wa Yohana. Nuruni maana yake mtu mwingine anakuona. Katika vikundi vya kila wiki ndugu alitaja kosa kwa jina lake, na palipokuwa na mali ya mtu ilibidi airudishe. Kutubu bila kurudisha hakukuhesabiwa kutubu. Mwizi aliyemlilia Mungu chumbani na kubaki na kitu cha mwenzake alikuwa bado gizani, hata kama machozi yake yalikuwa ya kweli.

Pengine msomaji atasema kwamba yote haya yaliletwa kwa meli kutoka Uingereza. Ni kweli kwamba Church na wenzake walilelewa katika mafundisho ya Keswick, mkutano ulioanza mwaka 1875 kaskazini mwa Uingereza kufundisha maisha ya utakatifu kwa njia ya kujitoa kabisa. Ni kweli pia kwamba kuchunguzana katika vikundi vidogo kulikuwa na mzee wake katika Umethodisti. Mwaka 1742 huko Bristol, Wamethodisti walikuwa na deni la jengo lao, wakagawana watu kumi na wawili kumi na wawili, kila mtu atoe peni moja kwa wiki, na mkusanyaji alipopita nyumba kwa nyumba akaanza kuona namna watu wanavyoishi. Darasa la kiroho likazaliwa kutoka kwenye mchango wa deni! Hata hivyo, mbegu ya kuletwa haituelezi kwa nini hapa ilizaa namna hii. Keswick ilimfundisha mtu ajitoe kwa Mungu; Gahini, Kabale na Bukoba zilimfundisha ajitoe pia kwa jirani yake, kwa sauti, jirani akiwa na haki ya kuuliza. Na mzigo ukarudi ulikotoka: kitabu cha Roy Hession kuhusu njia ya Kalvari, kilichotoka mwaka 1950, kiliwapelekea wasomaji wa Uingereza mafunzo aliyoyapata kwa watu wa uamsho huu. Wakati wa ukoloni, mmisionari kuungama hasira au dharau yake mbele ya Waafrika aliowaongoza lilikuwa jambo zito kuliko mahubiri mengi.

Wakubwa wa kanisa hawakufurahi wote. Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, wanafunzi waliookoka waliamka usiku wa manane kuomba na kuhubiri, wakishutumu wizi na ulegevu waliouona chuoni. Walikatazwa, hawakutii, na 26 wakafukuzwa, William Nagenda, baadaye mhubiri wa uamsho, akiwa miongoni mwao. Mtu anaweza kusema, na kwa haki, kwamba utakatifu wa namna hii huzaa majivuno na upelelezi. Ndugu anayekagua wenzake hugeuka askari, na anayeungama hujifunza kuungama kwa ufasaha. Wazee wengi waliudhika pia kusikia mambo ya chumbani yakitangazwa barazani, na sidhani walikosea katika kila jambo. Kuna siri inayomhifadhi mtu wa tatu ambaye hakuomba kutajwa. Ila tuangalie mbadala uliokuwepo: Ukristo ambamo ubatizo ulifungua mlango wa shule na kazi, na hakuna aliyemuuliza karani fedha za kodi zilikokwenda. Penye ukimya wa namna hiyo, kelele za walokole zilikuwa na faida.

Pingamizi zito zaidi ni la siasa. Jicho lililoona deni la dukani lilionekana halioni ardhi iliyoporwa. Kenya, baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952, Wagikuyu waliookoka, walioitwa Ahonoki, walikataa kiapo cha Mau Mau na baadhi wakauawa kwa sababu hiyo. Wapigania uhuru waliwaona vibaraka. Lakini wengi wao walikataa pia bunduki za serikali, na kibaraka hakatai bunduki ya bwana wake. Rwanda inauma zaidi. Yona Kanamuzeyi, mchungaji wa Nyamata na mtu wa uamsho, aliuawa Januari 1964 katika mauaji ya kulipiza kisasi dhidi ya Watutsi. Miaka 30 baadaye nchi iliyokuwa chimbuko la uamsho iliingia katika mauaji ya kimbari, na viongozi wa makanisa, Waanglikana wakiwemo, walilaumiwa kwa ukaribu wao na serikali. Hapa sina utetezi kamili. Ukaguzi wa jirani unategemea kumwona mtu uso kwa uso. Dola haina uso wa namna hiyo, na kikundi cha kila wiki hakiwezi kuita jeshi lije kuungama. Hata hivyo, mazoea ya kutaja kosa mbele ya mkosaji yaliweza kupanda juu. Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948, alikuwa askofu mkuu wa Uganda maaskofu walipomwandikia Idi Amin, Februari 1977, wakilalamikia vitendo vya askari wake. Aliuawa mwezi huohuo.

Wakati huo ndugu wenyewe walikuwa wameshagawanyika, na sehemu ya ugomvi ilikuwa mikopo. Nchini Uganda kundi lililojiita la kuamka upya lilishikilia kwamba aliyeokoka asikope kabisa, na Kenya kukatokea mgawanyiko wa aina hiyo. Tunaweza kuwacheka, sisi tunaoishi kwa mikopo ya simu. Lakini swali lao lilikuwa lilelile la Gahini, sasa likiwa na benki ndani yake: mkopeshaji anayemdai mlokole hajulikani jina, hakai kijijini, haketi katika kikundi. Ni nani atakayemwona akilipa?