Vibao vya Maduka ya London na Mamlaka ya Mji

Waandishi wengi walioshughulikia vibao vya maduka ya London wamependezwa na picha zilizochorwa juu yake kuliko amri zilizovitawala. Si ajabu, maana nguruwe wa buluu na simba mwekundu humvuta msomaji upesi kuliko kanuni za baraza. Walakini kanuni hizo, zikifuatwa tangu karne ya 14, hutufunulia jambo ambalo picha peke yake haziwezi kutufunulia: jinsi anga iliyo juu ya njia ilivyotoka mikononi mwa mwenye nyumba ikaingia mikononi mwa mamlaka ya mji, na jinsi katika mabadiliko hayo watu wasiojua kusoma walivyopokonywa maandishi yao.

Nasema maandishi kwa kusudi. Kabla ya nyumba kupewa namba, anwani ya mtu ilikuwa ni picha. Mwaka wa 1593, utenzi wa Shakespeare uitwao Venus and Adonis ulipochapwa, ukurasa wake wa kwanza ulimwelekeza mnunuzi kwenye duka lenye alama ya mbwa mweupe wa kuwindia, katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Paulo. Mbwa huyo hakuwa na uhusiano wowote na vitabu. Wanafunzi wa isimu hufundishwa kwamba kiungo baina ya neno na kitu ni cha mapatano tu. Basi wapagazi na watumishi wa London walilijua jambo hilo kwa miguu yao karne nyingi kabla halijaandikwa katika vitabu vyetu.

Hapo mwanzo mamlaka hazikukataza alama, bali zilizitaka. Katika miji ya Uingereza ya zamani, aliyepika pombe ya shayiri kwa kuuza alipaswa kutoa mti nje ya nyumba yake, aghalabu ukiwa na kichaka cha majani nchani, ili mwonjaji wa mji ajue pa kuingia kupima ubora wa pombe. Alama ilikuwa mwito kwa mnunuzi na kwa mkaguzi pia. (Muuza kahawa wa pwani yetu, agonganishaye vikombe vyake njiani, huwaita wanunuzi pasipo mti wala ubao.) Lakini wenye vilabu walipoona kwamba mti mrefu huonekana mbali, kila mmoja akataka wake umpite wa jirani. Ndipo mwaka wa 1375 walipoitwa mbele ya Meya wa London, wakaamriwa kwamba mti wenye alama au majani usitokeze juu ya njia ya mfalme zaidi ya futi 7. Atakayevuka kipimo hicho atalipa peni 40 katika hazina ya Guildhall. Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili: miti iliwazuia wapanda farasi, na kwa uzito wake iliharibu nyumba ilimopachikwa. Juu ya uzuri wa mji au ubaya wa picha hapakusemwa neno.

Mfalme Charles wa Kwanza, aliyetawala tangu 1625 hata 1649, aliwapa wenyeji wa London hati iliyowaruhusu kutundika vibao juu ya njia pasipo kubughudhiwa, ili makao na kazi zao zipate kujulikana. Haki hiyo ilikaa muda mfupi. Moto mkubwa wa 1666 ulipoteketeza mji, sheria ya kuujenga upya, ya mwaka wa 1667, ilikataza vibao kukingama njia. Vilipaswa kukazwa kwenye roshani au ukutani. Wengine walitii, wakachonga alama zao katika mawe ya ukuta. Walio wengi hawakutii, na haikupita miaka mingi njia zikajaa tena mikono ya chuma na mbao zilizolia katika upepo. Mwenye duka aliyebandika kibao chake ukutani hali jirani yake ametundika chake katikati ya njia, alikuwa amejificha kwa hiari yake mwenyewe.

Wakati huo picha nazo zilizidi kuchanganyika. Tarehe 2 Aprili 1711, gazeti la The Spectator lilichapa barua ya mzaha, kutoka kalamu ya Joseph Addison, ambayo mwandishi wake aliomba awekwe msimamizi wa vibao vya mji. Alilalamikia wanyama wasiopata kuonekana duniani, na desturi ya kijana anayeanza biashara kuongeza alama ya bwana aliyemfundisha kazi juu ya alama yake mwenyewe. Hivyo ndivyo zilivyozaliwa jozi zisizo na maana, kama mbweha na nyota saba. Mzaha huo una thamani kwetu, kwa kuwa unaeleza jinsi majina yalivyoungana kwa kurithishana, kama nasaba ziunganavyo kwa ndoa, hata picha ikawa na historia ambayo mtazamaji hakuweza kuisoma tena.

Mzaha uliisha mwaka wa 1718. Katika kichochoro cha Bride Lane, karibu na Fleet Street, kibao kizito kilianguka, kikauvuta ukuta wa mbele wa nyumba pamoja nacho. Watu wanne walikufa: wanawake vijana wawili, fundi viatu, na sonara wa mfalme. Ilikuwa ni sababu ile ile iliyotajwa mbele ya Meya mwaka wa 1375, yaani uzito. Hata hivyo ilipita zaidi ya miaka 40 kabla ya vibao kuondolewa.

Paris ilitangulia. Mwaka wa 1761 Sartine, mkuu wa polisi wa mji ule, aliamuru vibao vyote vibandikwe ukutani. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kutengeneza njia za Westminster, na mtaa baada ya mtaa vibao vya kutundikwa vikashushwa. Watu husema kwamba vilishushwa kwa sababu wenyeji walikuwa wamekwisha jifunza kusoma. Sikubali kwamba hiyo ndiyo sababu yenyewe. Sheria ya 1762 ni sheria ya sakafu ya njia. Kabla yake kila mwenye nyumba alipaswa kutengeneza kipande cha njia kilicho mbele ya mlango wake, kila mtu kwa mawe yake na kimo chake. Sasa kazi hiyo walipewa makamishna, wakailipia kwa kodi, na pamoja na mawe ya chini walipewa pia amri juu ya kilichoning'inia. Aliyepoteza wajibu wa ardhi alipoteza na haki ya anga.

Katika mwaka huo huo wa 1762 Bonnell Thornton, akisaidiwa na mchoraji Hogarth, alifanya maonyesho ya vibao katika Bow Street, kwa kuwadhihaki wasanii wakubwa na maonyesho yao.

Mahali pa picha pakachukuliwa na namba. Prescot Street ilikuwa na namba tangu 1708, lakini desturi ilienea katika miaka ya 1760. Kwa mtu wa lugha, badiliko hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mwenye duka alijichagulia mbwa au panzi, namba alipewa. Panzi aliitaja nyumba yake tu, lakini namba 12 hudai kuwako kwa 11 na 13, na mgeni aweza kuifikia pasipo kumwuliza mtu. Msomi na mtoza kodi walifaidika sana. Mpagazi aliyezijua picha mia mbili kwa moyo alipaswa kuanza upya. Waliobaki na alama za kale ni wachache: kinyozi na mti wake wa mistari, mkopeshaji wa rehani na matufe yake matatu, na wenye vilabu, ambao ndio waliokuwa wa kwanza kuamriwa.

Uzuri uliingia katika sheria kwa kuchelewa sana. Chama cha kupinga matumizi mabaya ya matangazo ya hadharani kiliundwa mwaka wa 1893, na sheria ya 1907 ikazipa serikali za mitaa uwezo wa kutunga kanuni juu ya mabango yanayozidi futi 12 kwa kimo, na juu ya matangazo yanayoharibu sura ya bustani au mandhari. Tangu sheria ya mipango ya miji ya 1947 matangazo yamekuwa chini ya mamlaka za mipango. Kanuni za Uingereza za mwaka wa 2007 zinazitaka mamlaka hizo zipime mambo mawili tu, uzuri wa mahali na usalama wa watu. Maneno na picha, kwa zenyewe, hazimo katika mizani hiyo. Yule msimamizi aliyeombwa mwaka wa 1711 hajapata kuajiriwa.