Rangi za mavazi: uchaguzi wake Kabwe na Ufipa

Uchaguzi wa rangi za mavazi ni kulinganisha rangi ya nguo na ngozi ya mvaaji, na mwanga wa mahali, na maana ambayo watu wa hapo wameipa rangi hiyo, ili mtu apendeze na ajiamini mbele za wenzake. Kabwe, bandari ya wavuvi na wachuuzi kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika wilayani Nkasi, ina joto na jua kali, maana ziwa liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, iko karibu mita 1,800, na mwezi Juni na Julai watu hushinda na masweta na makoti. Nguo nyeusi inayofyonza joto ni faraja asubuhi ya Sumbawanga na mateso mchana wa Kabwe.

Jinsi macho yanavyoiona rangi ilielezwa vizuri na Michel Eugène Chevreul, mkemia Mfaransa aliyesimamia utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda zilionekana zimefifia. Alipochunguza alikuta weusi wake hauna kasoro. Ulififishwa na rangi zilizofumwa jirani nao. Mwaka 1839 alichapisha kanuni yake: rangi mbili zikikaa pamoja, kila moja huibadilisha nyingine machoni pa mtazamaji. Kwa mvaaji, jirani wa kola au wa kanga iliyotupwa mabegani ni uso wake mwenyewe.

Hapa ndipo ushauri mwingi unaosambaa huenda kombo. Kitabu cha Carole Jackson, Color Me Beautiful, kilichotoka Marekani mwaka 1980, kiliwagawa watu kwa majira manne ya mwaka na kulipa kila kundi rangi zake. Mgawanyo huo ulitegemea zaidi tofauti za ngozi, nywele na macho ya Wazungu, na watu weusi karibu wote wakaangukia majira ya baridi. Familia moja ya Kabwe yenye mama mweupe, baba mweusi tii na watoto wa maji ya kunde haipati msaada hapo. Kinachofaa zaidi kwa ngozi zetu ni kuangalia mambo mawili: tofauti ya weusi na weupe kati ya nguo na uso, na jinsi rangi ilivyokolea. Kaki na hudhurungi zinazofanana na ngozi ya maji ya kunde huumeza uso. Damu ya mzee, zambarau na kijani kilichokolea huutoa. Mtu mweusi tii hung'arishwa na manjano, rangi ya chungwa, nyeupe na waridi kali, huku damu ya mzee ikimhitaji aongeze kola nyeupe au mkufu unaomeremeta. Rangi zilizopauka ni ngumu kwa karibu kila mmoja, hasa zikiwa za mitumba iliyokwisha kufuliwa mara nyingi.

Kujaribu ni rahisi. Weka kitambaa chini ya kidevu, simama mlangoni penye mwanga wa mchana, kisha utazame uso wako badala ya nguo. Macho na meno yakionekana yameng'aa, rangi imekukubali. Taa ya dukani hudanganya: kitambaa kilichokuwa cha buluu chini ya taa kinaweza kugeuka cha zambarau juani. Kamera ya simu nayo ina hila yake, kwani shati jeupe pe huifanya ipunguze mwanga wa picha nzima na uso mweusi ukabaki kivuli. Picha za pasipoti nchini Tanzania mara nyingi hupigwa kwenye mandhari ya buluu, hivyo shati la buluu hupotea ndani yake.

Lakini kujiamini hakutoki kwenye macho peke yake; hutoka pia kwenye maana ambayo historia imeipa nguo. Wafipa, wenyeji wa Ufipa, walilima pamba na kufuma nguo zao wenyewe. David Livingstone, aliyepita Ufipa mwaka 1872, aliandika juu ya pamba hiyo na nguo nzito zilizotokana nayo. Nguo za viwandani zilifika bara kutoka pwani: merikani isiyotiwa rangi, na kaniki ya buluu iliyokaribia weusi. Zanzibar, kaniki na merikani vilikuwa vazi la watumwa. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilipofutwa huko mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliviacha wakajinunulia kanga za rangi na maua. Ngozi zao zilikuwa zilezile. Walichohitaji ni rangi ambayo haikumtambulisha mtu kuwa mali ya mwingine, na sijui mfano mwingine wa Afrika Mashariki unaoonyesha wazi zaidi nguvu ya rangi kumwinua mtu.

Hata hivyo nguvu hiyo ina mipaka. Watafiti Hajo Adam na Adam Galinsky walitangaza mwaka 2012 kwamba waliovaa koti jeupe walioambiwa ni la daktari walikuwa makini zaidi katika jaribio lao. Jaribio hilo liliporudiwa mwaka 2019, athari hiyo haikuonekana. Ni busara basi kutoahidi kwamba rangi fulani humfanya kila mtu jasiri.

Rangi zina wenyewe pia. Katika soka nyekundu ni ya klabu ya Simba, kijani na manjano ni za Yanga, na kijani na manjano hizohizo ni za chama cha siasa cha CCM. Mwaka wa uchaguzi anayevaa gauni la rangi hizo ajue litasomwaje. Ufipa ina Wakatoliki wengi, na sare za vitenge za kwaya au za WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, huchaguliwa kwa ajili ya nyuso zote kwa pamoja. Asiyependezwa na sare hubaki na uhuru wa kilemba, hereni na shingo ya gauni, na hapo ndipo rangi yake inapopaswa kuwekwa.

Kabla ya kununua kitenge kilichokolea, lowesha kona yake na uisugue kwa kitambaa cheupe. Kinachochuja kitaharibu nguo nyingine katika beseni moja. Vumbi jekundu la kiangazi huichakaza nyeupe haraka, na jua la mwambao hufifisha rangi, kwa hiyo nguo huanikwa kivulini ikiwa imegeuzwa ndani nje.