Kable ya simu: kutoka pini ya Nokia hadi Type-C

Leo tunaongea historia ya kitu kidogo ambacho kila nyumba inakitafuta jioni: kable ya kuchaji simu.

Kwa familia iliyohama, simu inaeleza kama barabara ya kijijini imefunguka. Inapokea pesa ya ndugu aliye mbali, na kwa wengi ndiyo radio. Kable ikifa, hayo yote yanasimama, hata kama batri na simu ni nzima. Ndiyo sababu inafaa kujua kable hii imetoka wapi, maana historia yake inatufundisha namna ya kuichagua.

Simu za mkononi ziliingia nchini miaka ya 1980, wakati wa Zaïre, kupitia kampuni ya Telecel ya mfanyabiashara Miko Rwayitare. Zilikuwa simu za wakubwa na matajiri. Hapa Ituri, katika vita ya 1999 hadi 2003, aliyeweza kuongea na mtu wa mbali mara nyingi alikuwa na simu ya satelaiti: kamanda, mfanyakazi wa shirika au mwandishi wa habari. Raia waliokimbia mapigano ya Bunia ya mwezi wa 5 mwaka 2003 hawakuwa na njia hiyo.

Lakini miaka ile ile Celtel, iliyoanza nchini mwaka 2000, na Vodacom, iliyoanza 2002, zilikuwa zikisimamisha minara. Simu ya wengi ikawa Nokia. Nokia 1100 ya mwaka 2003 ilichajiwa kwa pini nene ya duara. Miaka michache baadaye kampuni hiyo hiyo ikaleta pini nyembamba. Samsung ilikuwa na mdomo wake, Motorola wake. Jirani akikuazima chaja, pengine haikuingia. Tena waya ulikuwa umeshikana na kichwa cha chaja: ukikatika shingoni, ulitupa vyote viwili.

Hata hivyo kulikuwa na njia ya pembeni. Batri ilitoka. Ulifungua mgongo wa simu, ukaibana batri katika chaja ndogo ya kubana, na siku ikaenda. Simu nyingi za leo zimefungwa mgongo. Umeme unapitia mlango mmoja tu, ule wa kable. Kwa hiyo kable mbaya inatuumiza leo kuliko zamani.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2009. Kampuni kubwa za simu zilikubaliana na Tume ya Ulaya kutumia mdomo mmoja, Micro-USB, ili kupunguza takataka za chaja. Kable ikaachana na kichwa cha chaja. Sasa unaweza kununua moja bila nyingine. Micro-USB inaingia upande mmoja tu, na chini yake ina vimeno viwili vya kushikia. Vimeno hivyo viliwekwa kwenye kable kwa makusudi, ili kinachochakaa kwanza kiwe kable na si simu. Kable inapolegea, badilisha kable kabla ya kumpelekea fundi simu.

Mwaka 2014 ikatoka Type-C, inayoingia pande zote mbili. Apple, iliyokuwa na mdomo wake, ilihamia Type-C kwa iPhone ya mwaka 2023. Na tangu tarehe 28 mwezi wa 12 mwaka 2024, sheria ya Umoja wa Ulaya inadai simu mpya zinazouzwa kule ziwe na Type-C. Sheria hiyo haitawali soko la Bunia, lakini mdomo ni ule ule. Zimebaki simu za bei ndogo zenye Micro-USB, basi angalia yako kwanza.

Kwa hiyo zamani swali la mnunuzi lilikuwa: je, itaingia? Leo karibu zote zinaingia, nzuri na mbaya. Swali limehamia ndani ya waya, pale jicho halifiki.

Ndani kunatakiwa shaba. Nchi yetu inaijua shaba: Union Minière iliundwa mwaka 1906, na shaba yake ya kwanza iliyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911. Hadi leo Congo ni kati ya nchi zinazotoa shaba nyingi zaidi duniani. Lakini kable za bei ya chini mara nyingi zina nyuzi chache, au aluminiumu iliyopakwa shaba juu. Aluminiumu inapitisha umeme kidogo kuliko shaba, na inakatika haraka ikikunjwa.

Basi ukifika sokoni, fanya hivi. Chagua fupi: mita 1 inatosha, kwa sababu ukirefusha waya mara mbili, upinzani wake nao unakuwa mara mbili. Kwa mwenye sola ndogo, hasara hiyo inaonekana wazi. Tafuta maandishi ya ampea 3. Kwa simu nyingi zinatosha. Kable zinazobeba ampea 5 zinahitaji chipu ndani, na bei inapanda. Shika shingo karibu na mdomo, ikunje taratibu: iwe na mpira mrefu unaorudi wenyewe. Omba kuijaribu papo hapo kwa simu yako na kichwa chako cha chaja, uone kama skrini inaandika kuchaji haraka. Kichwa, kable na simu vyote vitatu vikubaliane. Kimoja kikiwa dhaifu, haraka haipo. Na zipo kampuni zinazodai kable yao wenyewe.

Jaribio lingine: kable inayoweza kupeleka picha kwenye kompyuta ina nyaya zake zote. Isiyopeleka huenda ni ya kuchaji polepole tu.

Maandishi ya boksi peke yake yasikudanganye, maana kuandika ni rahisi kuliko kuweka shaba. Ukiona kable inapata moto sana mkononi, ichomoe, hasa mahali pa turubai na magodoro. Na ukiwa nayo nzuri, usiikunje kwenye kona wala usiichomoe kwa kuvuta waya; shika kichwa chake.

Tangu vita iliporudi Djugu mwishoni mwa 2017, familia nyingi zimefika mjini na mzigo mmoja tu. Kable moja nzuri ya Type-C inaweza kuchaji simu ya mama, ya jirani na ya mgeni aliyefika jana usiku. Wakati wa pini za Nokia hilo lilikuwa gumu. Tununue kwa akili, tena tuazimane.