Nani Afungue Kasha?

Jioni pale Kikuyu, Dodoma, upepo ukishatulia na vumbi likashuka, utawakuta vijana kijiweni wamezunguka daftari moja. Ndani ya daftari kuna orodha ya vitu saba: prosesa, madabodi, kumbukumbu, diski, pawa saplai, kasha na kioo. Pembeni ya kila kitu kuna bei, na chini kabisa kuna jumla iliyozidi mshiko uliopo mfukoni. Mwenye daftari anataka kompyuta yake ya kwanza, tena aiunge kwa mikono yake mwenyewe, aandikie hadithi zake na ajifunzie kutunga programu. Anauliza: "Jamani, nianze na kipi?"

Majibu hayakosekani. Mmoja anasema prosesa yenye jina kubwa. Mwingine anataka kasha lenye taa za rangi, maana ujiko nao una bei yake. Wa tatu anakata maneno: "Kaka, achana na kasheshe hizo. Nunua laptop ya mtumba, washa, piga kazi."

Ndugu msomaji, swali hilo ni zito kuliko linavyosikika. Katika nchi hii limewahi kuulizwa ngazi ya serikali, likajibiwa kwa amri. Tukiijua habari hiyo, tutaona kwamba orodha ya vitu saba si orodha ya sokoni tu.

Kabati lisilo na ufunguo

Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ya Tanzania ilifunga kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500, iliyouzwa na kampuni ya Kiingereza. Usiifikirie kama hizi za mezani. Ilikuwa mitambo ya kujaza chumba, na kazi yake ilikuwa hesabu za serikali. Ilikuja nzima kama kabati lililofungwa, na ufunguo ukabaki kwa aliyeliuza. Wataalamu wa kuitunza na kuipangia kazi walikuwa wageni. Ilipogoma, aliyeimiliki hakuwa na la kufanya ila kumwita aliyeiuza.

Matatizo yakafuata. Hesabu zilivurugika badala ya kunyooka, fedha za kigeni zikaendelea kutoka, na utegemezi kwa wataalamu wa nje ukazidi. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake, isipokuwa kwa kibali maalumu. Kumbuka hali ya wakati ule: bei ya mafuta ya petroli ilikuwa imepanda duniani, ukame ulikuwa umeikumba nchi, na kila dola ilikuwa na wa kuigombea. Mwaka mmoja tu nyuma yake, 1973, TANU ilikuwa imeamua makao makuu yahamie hapa hapa Dodoma. Kwa hiyo mji wetu ulichaguliwa kuwa kichwa cha nchi karibu wakati ule ule nchi ilipoifungia mlango kompyuta.

Wapo wanaoucheka uamuzi wa 1974. Mimi siucheki. Serikali iliuona ugonjwa sawasawa: tulikuwa tunanunua kitu tusichokijua ndani. Ila dawa ndiyo iliyokosewa. Mtu asiyejua kuogelea hafundishwi kwa kukatazwa mto. Marufuku ilizuia hasara, lakini ilizuia pia kujifunza. Marufuku ilikuja kulegea hatua kwa hatua miaka ya 1980, na dunia ilikuwa imeshakwenda mbali.

Dunia yafungua kasha

Ilikwenda wapi? Tazama kilichotokea Marekani miezi michache tu baada ya amri yetu. Toleo la Januari 1975 la gazeti la Popular Electronics lilitangaza Altair 8800, kompyuta iliyouzwa vipande vipande kwa bei ya chini ya dola 400. Mnunuzi alipokea boksi la vipande, akakaa mezani na kuchomea risasi mwenyewe. Haikuwa na kibodi wala kioo. Ilikuwa na swichi na taa tu, na kumbukumbu yake ya kuanzia ilikuwa baiti 256, hata barua fupi isingetosha humo. Lakini aliyeiunga alijua kila waya unakwenda wapi. Kwa mara ya kwanza ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwa kijana wa kawaida.

Hatua kubwa zaidi ilikuja tarehe 12 Agosti 1981, IBM ilipotoa kompyuta yake ndogo. Kampuni hiyo kubwa ilikuwa na haraka, kwa hiyo ilinunua vipande kwa wengine: prosesa ya 8088 kutoka Intel, programu endeshi kutoka Microsoft. Kisha ikachapisha kitabu cha ufundi chenye michoro ya mashine yenyewe, ili wengine waweze kutengeneza vifaa vya kuchomeka humo. Kilichobaki kulindwa kwa haki miliki ni ile programu ya kuiamsha mashine, iitwayo BIOS. Wahandisi wa kampuni nyingine wakaiandika upya bila kunakili, na kufikia 1983 Compaq ilikuwa inauza pacha wake halali. Baada ya hapo watengenezaji wa Taiwan na kwingineko wakaingia, bei ikaanza kushuka.

Mwaka 1995 Intel ikatoa vipimo vya ATX. Jambo lenyewe ni dogo kulisikia: tundu za skrubu za madabodi zikae wapi, waya za umeme zichomekwe wapi, milango ya nyuma itokee wapi. Lakini matokeo yake ni kwamba bodi iliyotengenezwa nchi moja hukaa ndani ya kasha la nchi nyingine, ikalishwa umeme na pawa saplai ya nchi ya tatu, na vyote vikapatana bila wenyewe kuonana. Daftari la Kikuyu lina vitu saba vinavyonunulika mbalimbali kwa sababu ya mkataba huo wa matundu. Bila huo kungekuwa na kitu kimoja tu cha kununua, tena kizima na kilichofungwa.

Kikuyu ina masharti yake

Dodoma nayo haikukaa vile vile. Mwaka 2007 ulianza Chuo Kikuu cha Dodoma, na mwaka huo huo, hapa Kikuyu, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana kikafungua milango mahali palipokuwa shule ya sekondari ya Mazengo. Kuanzia 2016 serikali ilianza kuhamia kweli kweli, na 2018 mji ukawa jiji. Vyuo na ofisi vinapokuja, kompyuta huja navyo, na za zamani huishia kwa mafundi na wauza mitumba. Hapo ndipo kijana mwenye vijisenti anapopata pa kuanzia.

Lakini kununua kwa kuangalia ushauri wa watu wa Ulaya peke yake ni kujidanganya. Wao hawana vumbi letu. Dodoma ipo juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, mvua yake kwa mwaka haifiki milimita 600, na kiangazi chake ni kirefu chenye upepo. Halafu kuna umeme. Bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, lilipokaukiwa na maji miaka ya 1990, na tena ukame wa 2006, nchi nzima iliujua mgawo. Aliyekuwa akichapa kazi bila kuihifadhi alijifunza adabu. Hata pasipo mgawo, umeme ukikatika sekunde moja kazi imekwenda.

Basi turudi kwenye daftari. Jina la mji wetu, wazee wa Kigogo husimulia, linatokana na tembo aliyedidimia kwenye tope. Pesa nayo hudidimia hivyo hivyo, usipojua pa kukanyaga.

Kwanza andika kazi, siyo kifaa. Kuandika hadithi, kujifunza programu, kusoma na kutazama filamu hakuhitaji kadi ya picha ya peke yake. Tafuta prosesa yenye sehemu ya picha ndani yake. Hapo umeondoa gharama kubwa kuliko zote, na mashine yako kwa kazi za kawaida haitavuta hata wati 100.

Pili, chagua prosesa, madabodi na kumbukumbu kwa pamoja, maana ni ndugu wa tumbo moja. Prosesa ina tundu lake, na kumbukumbu ina kizazi chake: DDR3 ilianza 2007, DDR4 ikafuata 2014, DDR5 mwaka 2020. Haziingiliani. Kila moja ina pengo lake mahali tofauti, na hata volti zake zimepungua, kutoka 1.5 hadi 1.2 hadi 1.1. Kwa hiyo ukifika dukani usiulize "ramu bei gani?" Salimia, kisha uliza: "Fundi, bodi hii inapokea DDR ngapi, ina matundu mangapi, na prosesa ya mwisho inayoikubali ni ipi?" Swali hilo linamwambia muuzaji kwamba hujaja kupigwa. Bodi yenye matundu manne, mawili yakiwa tupu, ni akiba: unaanza na giga 8, mwakani unaongeza.

Tatu, bodi ya mtumba ikague kama unavyokagua shati. Tazama kapasita, vile vidubwasha vya mviringo vilivyosimama. Kichwa chake kiwe bapa. Kikivimba au kutoa utomvu, iache. Bodi nyingi za kati ya 1999 na 2007 zilikufa duniani kote kwa ugonjwa huo. Lakini mashine ikisahau tarehe kila ukizima, usitishike. Mara nyingi ni ile betri ndogo kama kifungo, na hiyo haigharimu kitu.

Nne, usibane matumizi kwenye pawa saplai. Vingine vyote vinaweza kuwa mitumba. Hiki nunua kipya na cha uhakika. Ndicho kinachosimama kati ya umeme wa ukutani wa volti 230 na vipande vyako vinavyoishi kwa volti 12 na 5. Kikifa vibaya hakifi peke yake. Rahisi ni ghali, na hapa ndipo methali hiyo inapothibitika. Angalia pia kasha la ofisini ulilolipata kwa bei ya kutupa: mengine yana pawa saplai na bodi za umbo la pekee, zisizofuata ATX. Linapendeza, lakini kipande kikifa unabaki na sanduku.

Tano, diski iwe ya SSD hata kama ni ndogo. Haina sahani inayozunguka, haitishwi na mtikisiko wa basi la kutoka Dar, na huifanya hata mashine ya zamani iamke upesi. Kasha lenyewe liwe na kichujio cha vumbi kinachotoka ukakisafisha. Taa za rangi zitangoja. Bakiza fedha ya yu-pi-esi, hata ya mtumba yenye betri mpya, ikupe dakika tano za kuhifadhi kazi na kuzima kwa heshima.

Programu isikuumize kichwa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia bure Windows 10 kwa watu wengi, na mashine nyingi nzima zikaonekana hazifai kwa sababu Windows 11 inazikataa. Hiyo ni neema kwa mwenye macho. Linux hupokea mashine hizo bila ada. Na tusisahau kwamba mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao Waswidi walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Lugha yetu ilishaingia ndani ya kasha.

Kasha linafungwa tena

Sasa nimjibu yule wa tatu kijiweni, anayesema nunua laptop uwashe tu. Kwa haja ya leo hajakosea. Lakini tazama mashine nyingi nyembamba za siku hizi: kumbukumbu imechomewa kwenye bodi, betri imegandishwa kwa gundi, skrubu zinataka bisibisi ya ajabu. Simu ndiyo kabisa. Kabati la 1965 linarudi, safari hii dogo la kuingia mfukoni, na ufunguo bado uko kwa aliyeliuza.

Wasiwasi wangu ni huo. Mwaka 1974 hatukuangushwa na umaskini peke yake. Tuliangushwa kwa kuwa tulipoketi mezani na muuzaji, hapakuwa na wenzetu wa kutosha wa kumwambia: hapana, kipande hiki hatukihitaji, na hiki kinapatikana kwingine kwa nusu ya bei. Watu wa namna hiyo hawatokei kwa semina. Wanatokea mezani, bisibisi mkononi, baada ya kuchomeka kitu kisivyo na kukichomeka tena.

Kwa hiyo, mdogo wangu mwenye daftari, anza na madabodi. Hiyo ndiyo kiwanja, vingine ni vyumba. Iweke juu ya boksi la karatasi, funga prosesa na feni yake, sukuma kumbukumbu mpaka ilie "tak", unganisha umeme na kioo, uwashe. Kama bodi ina kispika utasikia mlio mmoja mfupi: imejikagua, imekubali. Isipowaka, usikate tamaa. Zima, chomoa, rudia kimoja kimoja. Umeshajua vyote vinakaa wapi.

Ikishawaka, fungua ukurasa mtupu uandike hadithi yako. Siku moja utakuwa afisa, mwalimu au mwenye duka, na muuzaji atakuletea kabati lililofungwa. Usisaini. Mwambie alifungue kwanza.