Mkono wa Kushoto wa Helio

Kuna hadithi niliyosimuliwa wiki ya kwanza nilipoanza jiujitsu ya Kibrazili, na nadhani kila anayeingia mchezo huu husimuliwa. Ni ya tarehe 23 Oktoba 1951, uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro. Helio Gracie, Mbrazili, anapambana na Masahiko Kimura, bingwa wa judo kutoka Japani. Kimura anaunasa mkono wa Helio na kuusokota mpaka pasiposokoteka. Helio hagongi. Kugonga mkeka, kwa wasioujua mchezo huu, ndiko kusema basi, nimeshindwa. Kaka yake, Carlos, ndiye anayesalimu amri kwa niaba yake.

Hadithi ikiishia hapo, funzo lake ni moja tu: mwanamume hagongi. Mimi nililimeza zima zima. Miezi michache baadaye jamaa mmoja mazoezini akaninasa mkono kwa namna ileile. Nikauma meno, sikugonga. Bega likalia. Kwa karibu miezi minne nilikuwa navalishwa shati kama mtoto. Yule jamaa simlaumu, alishika kwa taratibu kabisa. Niliumizwa na hadithi.

Ni katika miezi hiyo ya kukaa bure ndipo nilipoanza kulisoma upya pambano lile, nikaona kwamba tumekuwa tukikodolea macho mwisho wake na kuruka lililotangulia.

Tuanze na sheria. Kumwangusha mtu hakukuhesabiwa, na kumbana chini hakukuhesabiwa. Ushindi ulikuwa mpaka mtu agonge au azimie. Na usidhani Helio alikuwa mtu wa kubahatisha. Wiki chache kabla alikuwa amekutana mara mbili na Kato, mmoja wa wenzake Kimura katika safari ile ya Brazili. Mara ya kwanza walitoka sare. Mara ya pili Helio alimpiga kabari mpaka akazimia.

Katika kumbukumbu alizoandika mwenyewe, Kimura anasema alipoingia uwanjani alikuta jeneza, akaambiwa limeletwa kwa ajili yake, na nusura aangue kicheko. Raundi ya kwanza ilikuwa ya dakika 10. Alimbwaga Helio mara nyingi, lakini mkeka ulikuwa laini, na Helio hakuonekana kuumia. Miereka ile haikumaliza kitu.

Basi wakawa chini. Kimura akamlalia Helio kwa uzito wote, akimbana mpaka pumzi ikawa ya kutafuta. Anaandika kwamba Helio aligeuza uso huku na huku, kisha akanyoosha mkono wa kushoto amsukume. Papo hapo Kimura akakamata kifundo cha mkono ule na kuusokota. Ilikuwa raundi ya pili, dakika kama ya tatu. Yaliyofuata ndiyo yale tunayosimuliwa.

Ukiuliza ni nini kilimshinda Helio, utaambiwa ni kufuli ya bega. Mimi nasema ni ule msukumo. Uzito wa Kimura ulikuwa swali, na mkono wa kushoto ulikuwa jibu. Kufuli ilikuja baadaye, kama karani anayeandika kilichokwisha kusemwa.

Hapa nitofautishe mambo mawili. Chenga ya mpira ni uongo: unaonyesha kwenda kushoto na huna nia ya kwenda kushoto. Shambulio la kuonja si uongo. Ukiliacha linakumaliza kweli, kwa hiyo huna budi ulijibu, na ukilijibu umeshajieleza. Kama Helio angetulia, angekosa hewa. Aliposukuma, akatoa mkono. Mpimaji mzuri hachagui jibu moja akaliombea. Anauliza swali ambalo kila jibu lake lina gharama.

Kumbe wazo hili ni la zamani kuliko pambano lenyewe. Jigoro Kano, aliyeanzisha Kodokan, shule ya judo, mwaka 1882 mjini Tokyo, alisimulia siku moja ya mwaka 1885 au karibu na hapo. Alikuwa akifanya mazoezi na mwalimu wake, Iikubo, mzee ambaye kwa kawaida ndiye aliyekuwa akimbwaga. Siku hiyo Kano akambwaga Iikubo mara kwa mara, na yeye mwenyewe hakuanguka. Mzee akataka kujua kuna nini. Kano akamweleza kwamba amekuwa akisoma mwendo wa mpinzani, na kwamba sasa kabla ya kutupa anauvunja kwanza msimamo wake. Iikubo akamwambia hana tena la kumfundisha. Naipenda sana sehemu hiyo. Mwalimu ameanguka, ameuliza kwa nini, amejibiwa, amekubali.

Mwanafunzi mmoja wa Kodokan, Mitsuyo Maeda, alifika Brazili mwaka 1914 na baadaye akaweka makazi Belém, kaskazini mwa nchi. Huko ndiko inakosemwa alimfundisha kijana Carlos Gracie, na Carlos akawafundisha nduguze. Kimura naye alikulia katika judo ya Kano. Kwa hiyo waliokutana Maracanã hawakuwa wageni kabisa. Walikuwa wajukuu wa nyumba moja waliolelewa mbali mbali, na mmoja wao alimsoma mwenziwe vizuri zaidi jioni ile.

Sasa tazama Wabrazili walifanya nini na kushindwa kule. Wajapani kufuli hiyo waliiita ude-garami, na wacheza mieleka wa Ulaya na Marekani walikuwa nayo kwa jina lao. Wabrazili wakaiita kimura. Yaani walilichukua jina la mtu aliyemshinda mkubwa wao, wakalitundika nyumbani kwao, na mpaka leo watoto wa Rio wanalitamka kila jioni bila kinyongo. Kwangu mimi, huko nako ni kugonga mkeka. Kumechelewa kidogo, lakini ni kugonga.

Tena hawakuishia kwenye jina. Siku hizi kimura si mwisho peke yake, ni swali pia. Umelala chali, miguu yako imemfunga mpinzani kiunoni. Ameweka kiganja mkekani. Unakamata kifundo cha mkono ule, unainuka kitako, unapitisha mkono wako wa pili juu ya bega lake ili ufunge. Akizubaa, bega limekwenda. Akijivuta nyuma kuokoa mkono, uzito wake umeshahamia nyuma, basi unamsukuma kwa nyonga na anapinduka, wewe unabaki juu. Akikusukumia kichwa ili akurudishe chini, shingo imejileta yenyewe kwapani mwako, na hiyo ni kabari. Huhitaji kujua atafanya lipi. Unahitaji kuuliza kwa dhati na kusikiliza kwa mikono.

Niliporudi mkekani, nilifanya mazoezi na kaka mmoja mwembamba, umri umeshamtupa mkono. Nikaenda moja kwa moja kwenye kimura, kwa nguvu zangu zote. Akaficha mkono kwenye mkanda wake, akacheka. "Mdogo wangu," akaniambia, "wewe unadai. Jaribu kuomba."

Nikajaribu tena, safari hii polepole. Nilipoinuka akavutika nyuma, nami nikamsukuma kwa nyonga. Akapinduka kama gunia. Nikafurahi mno, nikajisahau, nikanyoosha mkono kumbana kifua asiinuke. Akaukamata. Nikalihisi bega langu bovu likianza kuzunguka, na moyoni ile hadithi ya zamani ikaanza kujisimulia: Maracanã, jeneza, mwanamume asiyegonga.

Nikagonga. Mara mbili, upesi.

"Sasa niambie," akasema huku akiniachia, "huo mkono ulinipa wa nini?"

Nikafikiri kidogo. "Ulinilazimisha, kaka."

"Sikukulazimisha. Nilikuuliza tu."

Tukarudia.