Binti wa Waziri Mkuu na Mkasi wa Watergate

Usiku wa kuamkia Juni 17, 1972, watu watano walikamatwa katika jengo la Watergate, Washington, wakiwa wamevunja ofisi za chama cha Democratic. Kashfa hiyo ilimng'oa Rais Richard Nixon Agosti 1974. Usiku ule, waziri mkuu wa Afghanistan alikuwa Dakta Abdul Zahir, tabibu aliyesomea Marekani. Miaka ilipopita, bintiye Zahira alifungua saluni papo hapo Watergate, akawa kinyozi wa wakubwa wa Washington, akiwamo Rais George W. Bush.

Katikati pana msiba. Zahir aliacha madaraka mwishoni mwa 1972, nchi ikiwa imechoshwa na ukame na njaa. Julai 1973 mfalme akapinduliwa. Aprili 1978 wakomunisti wakatwaa dola kwa damu. Kaka yake Zahira, Ahmad Zahir, mwimbaji ambaye mpaka leo hakuna aliyempita kwa kupendwa na Waafghanistan, alifariki Juni 14, 1979, siku aliyotimiza miaka 33. Serikali ilisema ni ajali ya gari. Waafghanistan wengi wanaamini aliuawa. Desemba hiyo majeshi ya Kisovieti yakaingia.

Wapo watakaoona mtoto wa waziri mkuu kushika mkasi ni kuporomoka. Mimi naona kinyume. Cheo cha baba hakivuki mpaka, lakini ufundi wa mikono huvuka. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Hata rais sharti ainamishe shingo, afungwe shuka, atulie mpaka aambiwe tayari. Mawaziri wangapi hupewa nusu saa ya namna hiyo?

Oktoba 7, 2001, Bush alitangaza kwamba mashambulizi dhidi ya Afghanistan yameanza. Kila nikifikiria habari hii hukwama hapo: mwanamke aliyezaliwa katika nchi ile, na kichwa cha mtu aliyetoa amri kikiwa chini ya vidole vyake.

Vita hivyo vilidumu miaka 20, na Taliban wakarejea Kabul Agosti 2021. Julai 2023 waliamuru saluni zote za wanawake zifungwe, kwa maelfu yao. Wasusi wa Kabul waliingia barabarani kudai riziki yao. Wakatawanywa kwa maji ya mabomba ya zimamoto na risasi zilizopigwa hewani.