Kabla Uguse Ziwa, Jaribu na Bwawa

Wasee wengi wa Thika wanaijua Sagana juu ya nyama choma na zile mashua za raba za kushuka na mto. Ukipanda matatu ya Nyeri ama Embu, ni kama saa moja tu kutoka hapa Kiandutu. Lakini kuna kitu kingine pale chenye hatukufunzwa shule: mabwawa ya samaki yaliyoanzishwa na serikali ya mkoloni mwaka wa 1948. Mwaka huo huo walianzisha mengine ya samaki wa maji baridi huko Kiganjo. Si Kiganjo yetu, ile ya Nyeri.

Leo nataka kuongea kuhusu maji yaliyofungwa. Najua inaboa kwa sikio, lakini vumilia, juu hii stori inaishia kwa mfuko wako.

Shida ya kusoma ziwa ama bahari ni hii: ni kubwa, na iko moja tu. Ukimwaga kitu ndani na samaki wakufe, utajuaje ni kile kitu kiliwaua, ama ni mvua, ama ni joto? Huna ziwa lingine kama hilo lenye hukugusa, ndio ulinganishe. So watu wa sayansi wakapata ujanja: funga kipande cha maji, pamoja na kila kitu kinachoishi ndani, ukiguse, halafu uache kipande kingine pembeni bila kukigusa. Miaka ya 1970 huko Kanada, kwa ghuba inaitwa Saanich, waliweka mifuko mikubwa ya plastiki baharini, ile mikubwa kabisa ikibeba karibu mita 1,300 za ujazo. Hiyo ni lita milioni moja na ushee ndani ya mfuko mmoja. Wakatia sumu kidogo kidogo, kama madini ya shaba, wakaangalia nani anakufa kwanza. Mwaka wa 1984 Mmarekani Eugene Odum aliandika kuhusu dunia ndogo kama hizi, akitumia jina mesokosimu. Ni ya katikati: kubwa kuliko chupa ya maabara, ndogo kuliko ziwa.

Kwa nini uangalie maji na si samaki peke yake? Juu samaki ni mwisho wa foleni. Mbele yake kuna planktoni, vitu vidogo sana vinavyoelea. Vingine ni mwani, unakula jua na mbolea kama vile mahindi hufanya shambani. Vingine ni vidudu vinavyokula huo mwani. Samaki wengine wanakula vidudu, na wengine kama tilapia wanaweza kuchuja mwani wenyewe wakameza. Ukiona maji ya kijani usiseme tu ni machafu. Inaweza kuwa ni chakula.

Afrika Mashariki hii stori ilianza na kitu ndogo zaidi ya mfuko: chupa. Unachota maji ya ziwa, unajaza chupa mbili. Moja inaona jua, nyingine inafungwa giza totoro. Unazirudisha majini kwa masaa kadhaa, halafu unapima oksijeni. Kwa chupa ya jua mwani unatengeneza oksijeni. Kwa chupa ya giza viumbe vinapumua tu. Ukilinganisha hizo mbili, unajua ziwa limejipikia chakula kiasi gani. Huko Jinja, Uganda, kulikuwa na kituo cha utafiti wa samaki cha Afrika Mashariki kilichoanza 1947. Mwaka wa 1960 na 1961 Mwingereza mmoja, Jack Talling, alipima mwani wa Ziwa Victoria, kazi ya chupa ikiwemo. Zaidi ya miaka 30 baadaye, Mganda anaitwa Rose Mugidde aliandika matokeo ya vipimo vyake kutoka ziwa hilo hilo, akilinganisha na vya Talling. Kazi ya mwani ilikuwa imepanda karibu mara mbili, na wingi wake ulikuwa umepanda mara nyingi zaidi ya hapo. Ziwa lilikuwa limebadilika, na tulijua kwa sababu kuna mtu alijisumbua kupima mapema.

Sasa, kulifanyika jaribio lingine, kubwa kuliko yote, na hilo halikufungwa kwa chupa wala mfuko. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mapema 1960, sangara aliwekwa ndani ya Ziwa Victoria. Sangara ni mbuta, yule jitu ya samaki mnayemjua kwa minofu. Mwaka wa 1960 mwanasayansi Geoffrey Fryer aliandika akionya kwamba huwezi tabiri huyo mla-samaki atafanya nini kwa ziwa lenye mamia ya aina za samaki wadogo ambao hawako kwingine duniani. Hakusikizwa. Kufika miaka ya 1980 sangara alikuwa amelipuka, na wale wadogo, wengi wao wala-planktoni na wala-takataka za chini, walikuwa wanapotea aina baada ya aina. Mbolea na udongo kutoka mashambani nao ulikuwa unazidi kuingia ziwani, so huwezi bebesha sangara lawama yote. Na tuseme ukweli, sangara alileta viwanda, kazi na pesa za nje. Lakini ziwa halina kitufe cha kurudi nyuma. Ukikosea na bwawa, unafungua maji yatoke, unaanza upya. Ukikosea na ziwa, wajukuu wako ndio watalipa.

Hapo ndio Sagana inaingia, na inaingia kupitia njia ya uchungu.

Mwaka wa 1982 kulianza mradi wa mabwawa uliolipiwa na serikali ya Marekani. Wazo lilikuwa tamu: mfanye jaribio moja, kwa njia moja, kwa mabwawa ya nchi tofauti, halafu namba zote ziwekwe mahali pamoja. Thailandi walikuwemo, Ufilipino, Indonesia, Honduras, Panama. Afrika iliwakilishwa na Rwanda, kituo cha Rwasave kule Butare, chini ya chuo kikuu cha taifa. Kwa miaka walipima joto, oksijeni na rangi ya maji. Halafu ikafika Aprili 1994. Mauaji ya kimbari yalifika Butare pia, na chuo kikachinjiwa walimu na wanafunzi. Kazi ya Rwasave ikakatika hapo. Mradi ulipotafuta makao mapya Afrika, ulikuja Kenya, Sagana, katikati ya hiyo miaka ya 90. So unapopita pale barabarani, jua kwamba nusu ya mizizi ya hiyo elimu iko Butare.

Pale Sagana swali lilikuwa la mtu wa kawaida: tilapia anaweza kukua bila chakula cha duka? Mabwawa ya ukubwa mmoja yakapewa vitu tofauti. Mengine urea na DAP, ile mbolea ya shambani. Mengine pumba za mchele, na Mwea iko pale tu. Mengine yakapewa vyote kwa viwango tofauti. Na kila kipimo kilirudiwa kwa zaidi ya bwawa moja, juu bwawa moja linaweza kukudanganya. Mbolea hailishi samaki. Inalisha mwani, mwani unalisha maji yote, na maji yanalisha samaki.

Pia unajifunza hatari. Mchana mwani unatoa oksijeni, usiku unapumua kama sisi. Ukizidisha mbolea, mwani unajaa, na kabla ya jua kutoka oksijeni inaisha. Utaona samaki juu ya maji wakihema. Ndio maana kuna kipimo cha bure: ingiza mkono majini hadi kwa kiwiko. Kama kiganja ndio kinaanza kupotea machoni, mwani uko sawa. Kama kimepotea mapema, wacha mbolea. Kama unaona vidole vyote poa, maji yako yana njaa.

Mwaka wa 2007 haya yote yaliwekwa kwa mwongozo mpya wa ufugaji samaki Kenya. Kwa Kiingereza. Miaka miwili baadaye, 2009, serikali ikaanza kuchimba mabwawa nchi nzima ya kuamsha uchumi: mabwawa 200 kwa kila eneo bunge lililochaguliwa, na yaliyochaguliwa yalikuwa 140. Piga hesabu, ni 28,000. Kila moja mita 300 za mraba. Vifaranga vikaletwa na picha zikapigwa. Baadaye mengi yakaachwa. Chakula cha duka kilikuwa ghali, maji yakakauka kwingine, na ufuatiliaji ukapungua. Sisemi planktoni peke yake ingeokoa yote. Nasema elimu ya kulisha samaki kwa bei rahisi ilikuwa imeshapatikana, hapa nyumbani, na shimo likamfikia mkulima kabla ya hiyo elimu. Leo ingia sokoni uone tilapia wa Uchina akiwa kwa barafu.

Ukikaa Kiandutu unajua hii movie. Mradi unakuja na tisheti, unaondoka na tisheti, na hakuna mtu hurudi kupima. Mimi niliacha chuo kabla nimalize, sina cheti cha kukuonyesha. Lakini hauhitaji digrii kuuliza maswali yenye bwawa la Sagana linatufunza. Hiki kitu kilijaribiwa wapi kwanza, mahali padogo? Kulikuwa na sehemu haikuguswa ya kulinganisha? Na majibu yako wapi, kwa lugha gani?

Siku mradi mwingine wa samaki, wa maji ama wa kitu chochote utatua hapa mtaani, waulize hayo matatu kabla upokee tisheti. Wakishindwa kujibu, jua sisi ndio bwawa, na hakuna mtu amebeba daftari.